Ukienda kukagua kwadi iliyotumika, anza na chujio la hewa

Kwadi nyingi, yaani pikipiki za matairi manne, ninazoletewa hapa karakanani kwangu, Usa River, hazikuuawa na mwendo. Ziliuawa na vumbi, na chache na maji. Udongo wa upande wetu, kuanzia Ngaramtoni kupanda Monduli mpaka tambarare za Longido, una majivu ya volkano ndani yake. Kiangazi kikikolea unakuwa laini kama unga wa muhogo na hakuna tundu usilopenya. Ukiingia kwenye injini, ringi na ukuta wa silinda vinasuguana na mchanga kila pistoni inapopanda na kushuka. Mwenye chombo haoni chochote kwa miezi. Kisha moshi wa bluu unaanza, anaiosha, anapiga rangi keria, anabandika stika mpya na kuiweka sokoni.

Kwa hiyo mtu akiniuliza aangalie nini akienda kununua pikipiki ya matairi manne iliyotumika, jibu langu halianzi na matairi wala rangi. Linaanzia chini ya siti, kwenye boksi la chujio la hewa. Nitafika hapo. Kwanza tukubaliane unaitaka ya nini.

Ninayemwandikia hapa ni mtu wa Jumamosi na Jumapili: anayetaka kuzunguka njia za mashamba ya kahawa Tengeru, kupita barabara za vumbi za West Kilimanjaro, kuteremka mpaka chemchemi za Chemka na kurudi nyumbani mwili umechoka vizuri. Huyu hahitaji kwadi ya mashindano. Zile za michezo, mfano wa Yamaha Raptor, ni nyepesi, zina cheni, nyingi hazina keria, na nguvu yake inakuja kwa ghafla ukikamua resi. Ni tamu kwa mwenye uzoefu. Kwa mtu wa matembezi zinachosha mikono, na za mtumba nyingi zimeshapigishwa miruko mpaka fremu imechoka.

Mchukulie huyu mtu kwadi ya kazi, ile ya mkulima. Ina keria mbele na nyuma, ina gia ya kurudi nyuma, saspensheni laini, na nguvu yake inapatikana mapema bila kelele. Injini ya kati ya cc 220 na cc 420 inatosha kabisa. Mfano ninaoupenda kuliko wote kwa mwanzo ni Honda TRX250, ile wanayoiita Recon: injini ya cc 229 inayopozwa kwa hewa, hakuna rejeta, gia tano unabadilisha kwa mguu bila klachi ya mkono, na nguvu inakwenda nyuma kwa shafti badala ya cheni. Haina kuvuta kwa matairi ya mbele. Kwa njia kavu hutaona pengo hilo. Ukitaka ya kuvuta kwa matairi yote manne, Honda Rancher za cc 350 zilizotengenezwa mwaka 2000 hadi 2006 bado zipo barabarani, na zilizofuata za cc 420 nazo ni nzuri, ila hizo zina rejeta, yaani kuna kitu kimoja zaidi cha kukagua.

Kuna zinazotumia mkanda wa mpira badala ya gia za kawaida, kama Yamaha Grizzly na Polaris Sportsman. Unaweka gia ya mbele, unakamua resi, unaondoka. Ni rahisi kuendesha na si mbaya hata kidogo, lakini mkanda unaisha, na maji yakiingia kwenye boksi lake unateleza na chombo hakisogei. Kabla hujanunua ya mkanda, ulizia kwanza bei ya mkanda halisi na itachukua siku ngapi kufika ulipo.

Na za Kichina, zile za cc 110 mpaka 250 zisizo na jina linalojulikana? Nitasema ninavyoziona. Injini zake nyingi ni ndugu wa zile za bodaboda, kwa hiyo pistoni, ringi, kabureta na plagi utavipata Kariakoo au hapa Arusha mjini siku hiyo hiyo. Hilo ni jambo kubwa. Tatizo liko kwenye chuma: mikono ya saspensheni, boljointi (viungo vya duara vinavyoshika gurudumu kwenye mikono hiyo), hab za magurudumu na kulehemiwa kwa fremu. Ikiwa fremu imenyooka na kulehemu kwake ni imara, si chaguo la kudharau kwa mtu mwenye bajeti ndogo. Fremu ikiwa imepasuka, iache hata kwa bei ya bure.

Imetoka wapi?

Hili ndilo swali la kwanza ninalomuuliza muuzaji kwenye simu, kabla ya bei. Kila mazingira yanaacha ugonjwa wake.

Kwadi ya pwani, iwe Unguja, Pangani au Diani, imekanyaga mchanga wa chumvi na pengine imeingizwa baharini kwa ajili ya picha. Mteja wangu mmoja, mwalimu, aliniita twende Tanga kuangalia moja iliyokuwa inatembeza wageni ufukweni. Kwa mbali ilipendeza. Tulipovua madigadi ya nyuma tukakuta unga mweupe umeota kwenye aluminiamu ya injini, vichwa vya bolti vimeliwa mpaka spana haishiki, na kila soketi ya waya niliyoifungua ndani ilikuwa kijani. Nikabonyeza bisibisi kwenye bomba la chini la fremu, karibu na pale mguu unapokanyaga. Ikazama. Yule mwenye mali alisema, "Fundi, hiyo ni kutu ya juu tu." Mwalimu aliaga kwa adabu na tukaondoka.

Ya pwani inaweza kuwa nzima ikiwa ilisuuzwa kwa maji baridi kila jioni, na wapo watu makini wanaofanya hivyo. Lakini ikague chuma kwa chuma. Na kama iko Zanzibar na wewe uko Bara, ulizia taratibu za forodha za kuivusha kabla hujalipa hata senti.

Ya kampuni ya utalii imeendeshwa na watu wengi wasiojua, wengi wao ndiyo siku yao ya kwanza. Breki, resi na mikono ya mbele vimeteseka. Hata hivyo kampuni yenye utaratibu huwa na daftari la sevisi, na daftari lenye tarehe na saa za injini ni mali. Ya shambani imebeba magunia na kuvuta tela. Angalia nyuma, pale kifungio cha tela kilipofungwa, kama chuma hakijapinda, na angalia difu, yaani boksi la gia linalopeleka nguvu kwenye magurudumu. Ya mtu binafsi aliyeipanda mara mbili kwa mwaka inaonekana mpya, lakini petroli imeoza ndani ya kabureta, mipira imekauka na panya wamekula waya. Kwa kweli hii ya mwisho ndiyo ninayoipenda zaidi, kwa sababu ugonjwa wake unatibika kwa gharama ndogo.

Ukishajua ilikotoka, mwombe muuzaji jambo moja: asiiwashe siku hiyo mpaka ufike. Ukifika, weka kiganja juu ya injini. Ikiwa ya moto, kuna kitu kilikuwa kinafichwa, pengine ugumu wa kuwaka ikiwa baridi. Kaa usubiri ipoe. Kama muuzaji ana haraka, haraka hiyo ni yake.

Beba tochi, kitambaa cheupe, spana namba 8, 10, 12 na 14, bisibisi mbili, na jeki ya gari. Nenda mchana. Vaa nguo usizojali zikichafuka, maana utalala chini.

Boksi la hewa

Toa siti. Kwenye kwadi nyingi za kazi kuna klipu au kabari nyuma, unavuta na siti inanyanyuka. Chini yake kuna boksi la plastiki lenye kifuniko cha klipu. Fungua.

Chujio nyingi za kwadi ni sponji, na sponji hiyo lazima iwe na oili. Oili ndiyo inayonasa vumbi. Sponji kavu inazuia majani na wadudu tu. Kwa hiyo ukiigusa inatakiwa inate kidogo vidoleni. Nimekuta boksi lenye sponji kavu, lenye kipande kilichokatwa kwenye godoro, na lisilo na chochote kabisa. Mara zote tatu injini ilikuwa imekwisha, ingawa moja ilikuwa bado inawaka vizuri.

Sasa chukua tochi na kitambaa cheupe. Ondoa sponji, ingiza kitambaa kwa kidole ndani ya bomba linalokwenda kwenye kabureta, yaani upande ambao hewa ilitakiwa iwe imeshachujwa. Futa, kisha toa ukitazame. Kikitoka safi, au na oili kidogo isiyo na chembe, umepata dalili njema kuliko neno lolote la muuzaji. Kikitoka na vumbi la kahawia, au ukikisugua kati ya vidole ukasikia chenga, injini imekuwa ikila udongo. Hapo unachonunua ni fremu na magurudumu, na bei lazima iwe ya fremu na magurudumu.

Tazama pia mpira unaounganisha boksi na kabureta kama haujapasuka. Chujio safi halisaidii kitu ikiwa vumbi linaingilia pembeni. Chini ya boksi kuna kibomba kidogo cha mpira kilichozibwa mwishoni. Kikamue. Maji au tope humo maana yake pengine chombo kiliwahi kuzamishwa mpaka usawa wa siti, na utakuwa na maswali ya kumuuliza mwenyewe.

Oili, zote

Kabla ya kuwasha, chomoa kijiti cha oili ya injini. Nyeusi si kosa, ni oili iliyofanya kazi. Yenye rangi ya maziwa ni maji, na hilo ni kosa kubwa. Ipake kidogo kwenye kitambaa utazame juani: vumbi la chuma linang'aa. Oili mpya kabisa, ya rangi ya asali, nayo inanifanya niulize. Labda ni uungwana wa muuzaji. Labda ile ya zamani ilikuwa na habari.

Watu wengi wanaishia hapo, na wanasahau difu. Kwadi ya shafti ina oili kwenye difu ya nyuma, na ya kuvuta kwa matairi manne ina nyingine mbele. Fungua nati ya kujazia, chovya kipande cha waya safi, tazama. Difu ina kimpira cha kupumulia kinachopanda juu kwenye fremu. Kikikatika au kuchomoka, kila unapovuka kijito difu ya moto inapoa ghafla na kunyonya maji. Nimefungua difu ya mbele ya kwadi yenye injini nzuri kabisa nikakuta maji na kutu, beringi zimekwisha. Mwenyewe hakuwahi kujua kwamba mbele kuna oili.

Kama ina rejeta, fungua kifuniko injini ikiwa baridi. Maji yawe na rangi ya kulanti, yaani maji maalumu ya kupozea injini, yasiwe na utando wa oili juu. Kisha mulika mapezi ya rejeta kwa mbele. Tope lililokauka humo ndilo linalochemsha injini, na mtu akiliondoa kwa mashine ya presha kwa karibu anayalaza mapezi na kuharibu zaidi.

Iwashe wewe mwenyewe

Usimwachie muuzaji. Vuta choki kama ina kabureta, hakikisha iko nyutro, washa. Kwadi nzima inashika ndani ya sekunde chache. Kama ina kamba ya kuvutia, zima, kisha jaribu na kamba pia, kwa sababu ndiyo itakayokurudisha nyumbani betri ikikufia huko Longido. Kamba isiyo na ukinzani wowote, inayokuja tu mkononi, inakuambia kompresheni imeshuka.

Kuhusu kipimo cha kompresheni: ukiwa nacho, kitumie, lakini usikimbie kwa namba moja. Injini nyingi za kwadi zina kifaa ndani kinacholegeza valvu ya moshi wakati wa kuwasha ili stata isielemewe, kwa hiyo kipimo kinasoma chini hata kwa injini nzima. Kipime pamoja na dalili nyingine: kitambaa, moshi, nguvu mlimani.

Moshi utazame kwa utulivu. Mwembamba mweupe asubuhi yenye baridi ni unyevu tu, unapotea. Mweupe mzito usioisha, wenye harufu tamu, ni maji ya rejeta yanaingia ndani. Mweusi ni petroli nyingi, mara nyingi kabureta au chujio lililoziba, jambo dogo. Wa bluu ni oili inaungua. Ukitoka kidogo mwanzoni tu kisha ukakoma, mara nyingi ni sili za valvu, na unaweza kuishi nao. Ukitoka kila unapokamua resi, ni ringi na silinda, na huo ni ujenzi mpya wa injini.

Iache ingurume bila kukamua resi kama dakika kumi na tano huku ukiendelea kukagua mengine. Sikiliza. Mlio wa cheni ya taimingi ni kama kokoto nyepesi upande mmoja wa injini na hubadilika ukiongeza resi. Mlio mzito wa kugonga unaotoka chini ni konrodi, fimbo inayoshika pistoni, na ukiusikia huo, zima na ushukuru kwa muda mliopewa. Kwa yenye rejeta, subiri mpaka feni iwake yenyewe. Isipowaka na maji yanachemka, tafuta sababu kabla ya kuzungumza bei.

Chini ya tumbo

Hapa ndipo penye kazi, na ndipo wanunuzi wengi wanapaona pa kuchafuka wakapaacha.

Inua mbele kwa jeki mpaka matairi yaelee. Shika tairi juu na chini, tikisa. Kisha kulia na kushoto, tikisa. Mchezo wa juu-chini unatoka kwenye beringi ya gurudumu au boljointi. Wa kulia-kushoto mara nyingi ni tairodi, fimbo ya usukani inayogeuza gurudumu. Mwombe mwenzako atikise wewe ukiwa umeweka kidole juu ya kila jointi, utaisikia inayogonga. Boljointi moja si janga. Zote nne, na bushi za mikono zimelika, na beringi zinanguruma ukizungusha tairi: hiyo ni hesabu inayokua haraka.

Kwenye ya kuvuta kwa matairi manne kuna mipira ya mikunjo inayofunika jointi za shafti za mbele. Mipira hiyo ikichanika, grisi inarushwa kote na udongo unaingia. Mpira uliochanika wiki hii ni mpira tu. Uliochanika mwaka jana ni jointi nzima. Utatofautisha kwa kutazama: grisi mbichi inayong'aa, au tope kavu jeusi lililoganda.

Inua nyuma. Kwadi nyingi za kazi zina ekseli moja iliyoshikana, matairi mawili yanazunguka pamoja. Shika tairi, sukuma juu na chini; mchezo hapo ni beringi za ekseli, na kuzibadilisha kunahitaji mtu mwenye vifaa. Zungusha tairi polepole huku ukitazama ncha ya ekseli. Ikiyumba, imepinda.

Breki ya nyuma ya Honda nyingi za zamani ni ya ngoma, ndani ya nyumba iliyofungwa isiingize maji. Sili zake zikichoka, tope linaingia na halitoki, linasaga kila kitu taratibu. Bonyeza breki ukiwa umeinua: ikikwaruza kwa sauti ya mchanga, panga kuifungua. Breki za mbele zisimame sawa pande zote mbili.

Fremu iguse yote kwa mikono. Nyufa hupenda pale mikono ya saspensheni inaposhikana na fremu, karibu na viegemeo vya miguu, na chini ya keria ya nyuma. Rangi mpya kwenye sehemu moja tu ya chuma cha zamani, ikwangue kidogo kwa ukucha. Piga mabomba ya chini kwa mpini wa spana: chuma kizima kinalia, kilicholiwa kinajibu kwa sauti iliyokufa. Halafu rudi nyuma mita kama tano, chuchumaa, uangalie kama matairi ya mbele na ya nyuma yako kwenye mstari na kama usukani umenyooka wakati matairi yamenyooka. Kwadi iliyowahi kubiringika ina kumbukumbu: ncha za mipini zimekwaruzwa, keria imepinda upande mmoja, madigadi yana nyufa zilizoshonwa kwa waya.

Matairi yanajazwa upepo mdogo sana, nyingi kati ya psi 3 na 7, na kiwango kamili kimeandikwa kwenye lebo ya chombo. Kipimo cha bodaboda hakisomi vizuri chini hivyo, kwa hiyo wengi wamezijaza kupita kiasi na njia inakuwa kama ngumi za mgongoni. Angalia nyufa za ubavuni, na tafuta tarakimu nne za tarehe: 2316 ni wiki ya 23 ya mwaka 2016. Kwa ya kuvuta kwa matairi manne, usikubali matairi ya vimo tofauti na vile ilivyotoka navyo kiwandani. Difu inapigana na hilo kila hatua.

Ipande

Vaa helmeti, hata kwa mita mia. Viatu vinavyofunika kifundo. Kabla ya kuondoka, geuza usukani mpaka mwisho kushoto, kisha kulia, injini ikiwa inawaka: mngurumo ukipanda wenyewe, waya wa resi unavutwa, na huo ndio unaomtupa mtu kwenye kona. Kamua resi na uachie. Irudi yenyewe kwa mlio mmoja mkavu. Bonyeza swichi ya kuzimia uone kama inazima.

Pita gia zote, na ya kurudi nyuma. Zile Honda zinazobadili gia kwa vitufe kwenye usukani, panda na kushuka gia mara nyingi, injini ikiwa ya moto, kwa sababu hitilafu za waya na sensa hujitokeza joto likipanda. Ya mkanda, ipandishe mlima ukiwa na gia ndogo na unuse: mpira unaoungua una harufu usiyoweza kuikosea. Kuvuta kwa matairi ya mbele kujaribiwe kwenye udongo mlegevu. Kwenye ardhi ngumu unaweza kudanganywa na taa ya dashibodi inayowaka wakati mbele hakuna kinachovuta.

Tafuta mteremko. Shuka ukiwa na breki ya mbele pekee, kisha ya nyuma pekee. Geuza kona kwa mwendo mdogo ukiwa umeinamisha mwili ndani ya kona. Ekseli ya nyuma iliyoshikana inapenda kwenda moja kwa moja, na ni uzito wako unaoigeuza. Kwa sababu hiyo, na ya matairi yenye upepo mdogo, lebo za watengenezaji zinakataza kuendesha kwenye lami. Zinakataza pia kubeba abiria kwenye kwadi za mtu mmoja. Siti ni ndefu ili wewe uweze kusogea mbele na nyuma, si kwa ajili ya mtoto wa jirani. Na kwadi ya mtu mzima si ya mtoto aliye chini ya miaka 16, hata akiwa na nguvu na akili. Hilo huwa nalisema kwa kila mzazi anayekuja hapa, na nalisema tena hapa.

Karatasi na bei

Namba ya chesesi imegongwa kwenye fremu, mara nyingi mbele chini. Isome kwa tochi, ilinganishe na karatasi tarakimu kwa tarakimu. Ikiwa imesagwa au imegongwa upya, usiulize hadithi. Kwa zilizotengenezwa kwa namba za herufi na tarakimu 17, ya kumi mara nyingi ndiyo mwaka wa modeli: 5 ni 2005, 9 ni 2009, kisha A ni 2010, B ni 2011. Muuzaji akikuambia ni ya 2012 na namba inasema 4, umejua unazungumza na nani. Dai hati za forodha kama iliingizwa nchini, na kama imesajiliwa, jina la kwenye kadi lilingane na kitambulisho cha anayekuuzia. Uhamisho wa umiliki ufanyike TRA, siyo kwa karatasi ya mkono pekee.

Bei mimi sibishani kwa maneno. Kabla ya kwenda, piga simu maduka mawili uulize bei ya boljointi, beringi, betri, seti ya matairi, seti ya pistoni na ringi za modeli hiyo. Ukimaliza kukagua, kaa na muuzaji, andika kila kasoro na bei yake mbele ya macho yake, jumlisha, na utoe kwenye bei yake. Watu waungwana wanaikubali hesabu waliyoiona inaandikwa. Asiyekubali anakuwa amekusaidia kuamua. Mwalimu wa ile safari ya Tanga alikuja kununua Recon ya mkulima mmoja wa Karatu, imepauka madigadi yote mawili, siti imechanika, lakini kitambaa kilitoka safi. Mpaka leo anaipanda.

Ukiinunua, isafirishe kwa pikapu. Funga mikanda kwenye fremu au kwenye keria pale inaposhikana na fremu, weka gia, vuta breki ya kuegeshea, funga koki ya petroli. Nyumbani, kabla ya kuipanda tena, badilisha oili ya injini, difu na breki, hata kama muuzaji aliapa kwamba vyote ni vipya. Kwenye injini yenye klachi inayoogelea kwenye oili, ambazo ndizo Honda nyingi, tafuta chupa iliyoandikwa JASO MA, kiwango cha oili ya pikipiki. Oili ya gari yenye vilainishi vya kupunguza msuguano inafanya klachi iteleze. Rekebisha nafasi ya valvu injini ikiwa baridi kabisa. Paka grisi kila chuchu ya grisi utakayoiona na uhesabu ziko ngapi, ili mara nyingine usisahau hata moja. Safari ya kwanza iwe fupi, karibu na nyumbani, na ukirudi kaza upya nati za magurudumu na nati kubwa za hab, kisha uziwekee pini mpya.